Nani aliwabebea?

Niliporudi Bergen, mji wa Norway ninakoishi, Jumatatu ya Pasaka, uso umebabuka kwa jua na magoti yamegoma kupanda ngazi za ghorofa ya tatu, kitu cha kwanza nilimpigia Baba, kwetu Marangu, chini ya Kilimanjaro. Shikamoo, marahaba, mvua zimeanza, migomba miwili imeangushwa na upepo, halafu nikaanza kumsimulia: treni, theluji, skii (zile mbao ndefu za kuvaa miguuni ukateleza kwenye theluji), kibanda cha mbao, siku mbili tumelala bila umeme. Baba husikiliza simu kama anavyosikiliza mahubiri, hakatizi. Nilipomaliza akauliza:

"Sasa mama, mizigo nani aliwabebea?"

"Tulibeba wenyewe, Baba."

"Wote?"

"Wote. Hata mtoto wa miaka tisa alikuwa na begi lake."

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe anafikiri.

"Na vijana wa huko mlimani wanakula wapi?"

Sikuwa na jibu la haraka, nikampa lile la kawaida la mtoto aliyebanwa: nitakupigia tena.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: Baba alikuwa mgumu. Kwetu mgumu ni mpagazi wa Kilimanjaro, yule anayekupita njiani na begi lako kichwani na mtungi wa gesi mgongoni, anakusalimia huku anakimbia, na ukifika kambini unakuta maji ya chai yameshachemka. Alianza akiwa kijana mdogo miaka ya 1970, kipindi ambacho Wanorway walisaidia kujengwa kwa vile vibanda vya mbao vya njia ya Marangu, Mandara kwenye mita 2,720 na Horombo mita 3,720, vyenye mapaa yanayoteremka kutoka juu mpaka karibu yaguse ardhi. Anasema baadhi ya zile mbao zilipanda begani kwake, na ukitia shaka anafungua kifungo cha shati akuonyeshe alama. Ada yangu ya sekondari ilipanda na kushuka ule mlima mara nyingi kuliko mtalii yeyote.

Kwa hiyo mwenzangu wa kazi, muuguzi tunayeshika naye zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, aliponiambia "Pasaka hii twende hytte", nilikubali kabla akili haijafika. Nilitaka kuona ukoo wa vibanda vile ulikotoka.

Hytte ni nyumba ya mbao ya mapumziko, na Wanorway wanaizungumzia kama sisi tunavyozungumzia nyumbani kwa babu. Nchi ina watu kama milioni tano na nusu, na hytte zaidi ya 400,000. Lakini hytte na hytte si sawa. Mwaka juzi nilialikwa kwenye moja, sakafu ya chooni inapashwa joto kwa simu mkiwa bado njiani, nje kuna beseni la maji moto la watu sita, chini kuna gereji na mahali pa kuchaji gari. Pazuri, sikatai, nilikaa kwenye lile beseni mpaka vidole vikakunjamana. Ila nyumba ile hukaa tupu sehemu kubwa ya mwaka, na haiko peke yake: ni mtaa mzima, una barabara zake, taa zake, mabomba yake ya maji taka, umepandishwa juu mlimani ambako zamani palikuwa pa rendia.

Rendia ni mnyama wa jamii ya kulungu, manyoya mazito, pembe za matawi matawi. Wale wa mwituni wa milima ya Norway waliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya wanyama walio karibu na hatari. Mwenzangu alinieleza vizuri kuliko bango lolote: mwisho wa majira ya baridi jike ana mimba na akiba ya mafuta imekwisha, anaishi kwa kukwangua ukoga chini ya theluji. Ukimshtua akakimbia, umemnyang'anya chakula cha ndama. Na sisi wenye skii tunakuja kwa wingi wakati huohuo, Pasaka.

Ndiyo maana alichagua Finse. Finse huendi na gari hata ukitaka, barabara haipo. Unapanda treni Bergen, baharini kabisa, na baada ya saa mbili na nusu hivi unashuka mita 1,222 juu, kituo kilicho juu kuliko vyote nchini. Reli hiyo ilifunguliwa 1909. Behewa letu lilijaa skii, mbwa, sledi za kuburuta mizigo kwenye theluji, watoto wachanga waliofungwa kama vifurushi, na kila mtu ana mfuko wa machungwa. Machungwa na Pasaka huku ni kama pilau na Idi. Nikasifu treni mpaka mwenzangu akacheka, akaniambia hata reli hii imewakatia rendia njia zao za zamani. Sawa. Nikaendelea kuisifu kwa sauti ya chini.

Ukishuka Finse unakuta hoteli, nyumba kubwa ya wapanda milima, nyumba chache, na weupe. Weupe tu. Upande wa kusini umelala Hardangerjøkulen, barafu kubwa ya juu ya mlima, na wataalamu wanakadiria huenda isifike mwisho wa karne hii. Niliitazama kama ninavyotazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nikienda nyumbani kila baada ya miaka mitatu: unajua barafu imepungua, ila huwezi kuonyesha kwa kidole wapi. Kuna pia mnara wa Kapteni Scott, Mwingereza aliyekuja Norway 1910 kujaribu sledi zake za injini kabla ya kwenda Ncha ya Kusini. Alifika, akakuta Amundsen wa Norway ametangulia, na wakati wa kurudi wakafa wote watano, wakivuta mizigo yao wenyewe. Nilipiga picha haraka. Hayo si mambo ya kusomea siku ya kwanza.

Habari za kujifunza skii nitazipitisha haraka kwa ajili ya heshima yangu. Skii za kutembelea ni nyembamba, kisigino hakijafungwa, na chini zina magamba kama ya samaki ili zisirudi nyuma. Zangu zilirudi nyuma. Mtoto wa miaka minne alinipita akiimba. Mtoto wa mwenzangu, yule wa miaka tisa, alinifundisha kuanguka: kaa upande, usinyooshe mkono. Nikaanguka kwa usahihi siku nzima.

Ijumaa Kuu, saa tatu asubuhi, tukaondoka. (Mama, kama unasoma: nilisali njiani.) Tulikuwa watu wazima wanne na mtoto, kilomita 12, njia imewekewa vijiti kwenye theluji kila baada ya hatua kadhaa ili ukungu ukishuka usipotee. Begi langu nililipima Bergen, kilo 11. Baada ya saa moja nilikuwa namkumbuka Baba kwa namna ambayo sikuwahi kumkumbuka. Kanuni ya Kilimanjaro ni kilo 20 kwa mgumu, na mizigo inapimwa getini. Zamani zake hapakuwa na mzani. "Ulikuwa unajua uzito kwa shingo," huwa anasema.

Tulifika saa kumi jioni. Jina la kibanda sitalitaja, kina vitanda vichache na sitaki mwakani nikikute kimejaa wasomaji wangu. Ni cha Turistforeningen, chama cha wapenda milima kilichoanzishwa 1868, kina vibanda zaidi ya 500 nchi nzima. Vingine vina wahudumu na chakula cha moto. Hiki ni cha kujihudumia: hakuna mtu. Mwanachama anachukua ufunguo kwa dhamana, na ufunguo huohuo unafungua vibanda vingi sana. Tukasafisha theluji mlangoni kwa koleo, tukafungua, ndani kipimajoto kinasema hasi 4.

Hapa sasa ndipo nilipokuja mlimani.

Hakuna aliyekaa. Bila kuambizana, mmoja akaenda kwenye jiko la chuma, mmoja akachukua ndoo mbili, mtoto akaanza kukung'uta theluji kwenye skii na kuzipanga ukutani. Pembeni ya jiko kulikuwa na vijiti vikavu na maganda ya mti wa birchi, vimepangwa tayari na watu waliotutangulia ambao hatutawajua. Ganda la birchi lina mafuta, linashika moto hata likiwa na unyevu. Mimi nikapewa sufuria ya kuyeyushia theluji, nikaijaza pomoni, nikaiweka motoni kwa fahari. Mwenzangu akaiondoa. Kumbe unaanza na maji kidogo chini, vikombe viwili, ndipo unaongeza theluji kidogo kidogo. Ukiweka theluji tupu sufuria inaungua na maji yananuka moshi. Na ndoo iliyofurika theluji ikishayeyuka inakuachia maji ya kufunika kitako tu. Nimekulia kwenye mfereji wa Kichagga, maji yanapita nyuma ya nyumba usiku na mchana. Jioni ile nilichota theluji safari saba na nikaosha vyombo kwa maji ambayo nyumbani ungemwagia kuku.

Halafu stoo ya chakula. Chumba kidogo, rafu mpaka darini: shayiri, tambi, maziwa ya unga, kahawa, mikate mikavu ya knekkebrød, jibini ya kwenye tyubu, makopo ya lapskaus, yaani mtori wa nyama na viazi kwa wasio na ndizi. Bei zimebandikwa ukutani. Muuzaji hayupo. Kamera haipo. Unachukua, unaandika ulichochukua, unalipa baadaye. Duka bila Mangi! Kwa mtoto wa Kichagga hili linaogopesha kuliko maporomoko ya theluji. Nilisimama pale nikimtafuta mwenye duka kwa macho. Nilipochukua kopo la mananasi niliandika, nikafuta, nikaandika upya kwa herufi kubwa, nisije nikaonekana mwizi mbele ya rafu.

Kuni ndizo zilizonipa heshima. Banda la kuni liko hatua ishirini kutoka mlangoni, magogo ya birchi, shoka, kigogo cha kupasulia. Walikuwa wananionyesha namna ya kushika shoka, kwa upole wote ule wa Kinorway, nikaona isiwe shida. Bibi alinifundisha nikiwa darasa la nne: usilipige gogo tumboni, anzia pembeni, tafuta ufa wake uufuate. Na birchi iliyoganda haina ubishi, inaachia kwa pigo moja, mlio wake kama mtu amefunga mlango. Nikapasua mpaka nikavua koti. Yule mtoto akaacha kunifundisha mambo kuanzia hapo.

Kuna jambo lilinishangaza nikiwa na shoka mkononi. Kwetu mlimani kuni ni marufuku, wageni na wagumu wanapikiwa kwa gesi, kwa sababu msitu ulikuwa unaliwa. Huku kuni zinaletwa kutoka kwingine, pamoja na gesi na makopo, mwishoni mwa majira ya baridi wakati theluji bado imeshiba, kwa pikipiki za theluji zenye kibali. Zenye kibali, nasema, maana sheria ya 1977 imebana mambo ya injini porini. Huwezi kukodi pikipiki ya theluji ukaenda kuzurura kwenye nyika ya rendia kwa kuwa tu una hela.

Saa tatu usiku tumeshamaliza kula, mlango ukagongwa. Vijana wawili, wamechoka, nyusi zimeganda. Vitanda vimejaa. Nikasubiri nione nani atawaambia. Hakuna aliyesema neno, watu walisogea tu, magodoro ya akiba yakashushwa sakafuni, chai ikamiminwa. Ndiyo kanuni ya vibanda hivi, aliyefika anapata paa.

Jumamosi tulipanga kupanda kilima kilicho nyuma, kitu cha saa tatu kwenda na kurudi. Anga ilikuwa ya buluu mpaka inaumiza. Tulipofika kama theluthi mbili ya njia, upepo ukabadilika, theluji ikaanza kutambaa chini kama moshi. Kilele tunakiona. Mwenzangu akasimama, akatoa chokoleti ya Kvikk Lunsj, akatugawia, akasema, "Tunageuza." Basi. Hakuna mjadala, hakuna aliyenuna. Kwenye karatasi ya ile chokoleti, kwa ndani, zimechapwa kanuni tisa za busara ya mlimani, ambazo kila Mnorway anazijua tangu shule. Zilisambaa sana baada ya Pasaka ya 1967, watu 18 walipopoteza maisha milimani. Ya nane inasema geuza mapema, kurudi si aibu. Nusu saa baadaye hatukuwa tunaona vijiti viwili kwa mpigo.

Nilimkumbuka tena Baba, na mgeni wake mmoja. Alikuwa anatapika tangu kibanda cha Kibo, kiongozi anamwambia turudi, yeye anasema nimelipa. Hilo ndilo neno linaloua milimani kwetu: nimelipa. Kiongozi naye anahesabu tipu ya watu kumi na wawili walio nyuma yake. Walimfikisha Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 5,600, akazimia, wakamshusha usiku kwa machela ya gurudumu moja mpaka Horombo, Baba akiwa ameshika mguu wa kushoto wa machela. Asubuhi, dripu ikiwa mkononi, mgeni aliulizia cheti chake. Cheti cha Gilman's kipo, alipewa.

Jumapili tuliondoka baada ya saa mbili za usafi. Sakafu ikapigwa deki kwa maji ya theluji, majivu yakatolewa, ndoo ya maji machafu ikamwagwa mahali pake, kapu la kuni likajazwa, maganda ya birchi yakapangwa pembeni ya jiko kwa ajili ya wenye mikono ya baridi watakaofuata. Hakuna aliyekuwa anatusimamia. Mara moja kwa mwaka huja watu wa kujitolea kupaka rangi na kurekebisha mapaa. Wao wanaita dugnad, ukimtafsiria mtu wa Kilimanjaro anajua mara moja, ni msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Sasa nirudi kwa Baba. Nimesoma makala nyingi za utalii endelevu na nyingi zinasifu kitu hiki hasa: mgeni anayejibebea, anayejipikia, asiyeacha alama. Ni kizuri. Ule mlima haukujua hata kama tulipita. Lakini mgeni asiyeacha alama haachi na ada ya shule. Norway inaweza, kijana wa pale chini ana kazi nyingine, reli, hospitali, mafuta ya bahari. Chukua utaratibu huo uupeleke Marangu kama ulivyo, kila mzungu abebe begi lake, halafu uje uniambie usiku ule watu wanalala wamekula nini kuanzia Marangu mpaka Machame. Mimi niliyelelewa na mgongo wa mtu siwezi kusimama hapa kuhubiri kwamba mgongo ule ulikuwa kosa.

Ninachotamani kingevuka bahari, kama mbao za Mandara zilivyovuka kwa wazo, ni ile chokoleti ya Jumamosi. Kiongozi wa kwetu aseme "tunageuza" na mshahara wake ubaki palepale, tipu ije isije. Na mgeni aliyelipa dola elfu mbili aoshe kikombe chake. Kikombe kimoja tu, sio lazima apige deki.

Jana nilimtumia Baba picha kupitia simu ya kaka yangu. Akapiga mwenyewe, jambo ambalo halifanyi kwa sababu anaamini vocha zinaisha akizitazama.

"Hilo paa nalijua," akasema. "La kwetu limeshuka chini zaidi."

"Huku theluji nzito, Baba."

"Na hizi kuni? Kapu limejaa namna hii, kazipasua nani?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Baba."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikasikia akimwita Mama kutoka jikoni aje asikie, eti binti amesomeshwa, amepanda ndege, amekwenda mpaka Ulaya, na amelipa nauli ya treni akapasue kuni za watu.